Ukingo Mweupe

"Siku tisa, Bernadine! Siku tisa umeukalia mzigo wangu kama kuku anayeatamia!"

"Kwanza punguza sauti, Regis Hudak. Mimi si kiziwi."

Neno hilo lilipomtoka, Bernadine Kosko mwenyewe alijiziba mdomo. Nyuma ya kioo cha dirisha, hatua mbili tu kutoka pale walipokuwa, Loretta mke wa Regis alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo mkononi, akitazama midomo yao kama mtu anayetazama samaki ndani ya chupa.

Nyumba zao ni moja iliyopasuliwa katikati. Ukuta mmoja, paa moja, baraza moja yenye reli ya mbao inayotenga huku na kule. Miaka ishirini na sita Bernadine amekuwa akisikia Regis anavyopiga chafya, na Regis anajua Bernadine anaamka saa ngapi kwenda msalani. Ndiyo maana mtaani kwetu, pale Vandruff, watu hawakuwa wamezoea kuwasikia hawa wawili wakigombana. Mzee Pavlik wa ng'ambo ya barabara alikuwa anakwangua barafu kwenye gari lake, na wakati huo alikuwa amekwisha kwangua mahali pale pale mara nne.

"Nilikuwekea saini kwa wema," Bernadine alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mtu wa posta kagonga kwenu, hampo. Nikamwambia nipe mie, hawa ni watu wangu. Jioni ile ile dada yangu kule mjini Erie kaanguka ngazini kavunjika nyonga. Ulitaka nimwache sakafuni nikuletee kwanza kadi ya chingamu?"

"Kadi ya chingamu! Dola elfu tatu na mia mbili, hiyo unayoiita ya chingamu!"

Pavlik aliacha kukwangua kabisa.

"Mnunuzi anapewa siku saba za kulalamika kama kitu ni kibovu," Regis aliendelea, akihesabu kwa vidole hewani. "Saba! Wewe unarudi kutoka Erie siku ya tisa, unanipa bahasha na kipande cha keki. Muuzaji yule mwizi keshala pesa zangu. Masikio ya Loretta yamekwenda, Bernadine. Umeyapeleka Erie ukayaacha huko."

"Zilikuwa pesa za vifaa vya masikio?"

"Ulidhani za nini? Za kwenda baharini?"

Bernadine aliweka ufagio ukutani. Akaingia ndani akafunga mlango polepole, yeye ambaye huubamiza hata akiwa na furaha.

Sasa, hayo ya siku saba Regis aliyatunga pale pale barazani. Yalimtoka tu, na yeye mwenyewe akashangaa jinsi yalivyosimama imara.

*

Asubuhi ya Jumamosi hiyo hiyo alikuwa ametoka ukumbi wa zimamoto, ambako kila mwezi wenye kadi za zamani za besiboli, zile za picha za wachezaji zilizouzwa pamoja na chingamu, hupanga meza zao. Alikwenda kwa Orrin Bast, mzee mwenye meza ya kwanza mlangoni, ambaye hata mahasimu wake wanakubali kwamba hasemi uongo. Nyuma ya Regis kulikuwa na wanaume watatu kwenye foleni.

Regis alimpa kadi, naye Bast akaichomoa kwenye kifuko chake cha plastiki. Lonnie Dravec, mpigaji wa mkono wa kushoto, toleo la mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tatu, shavu limevimba kwa tumbaku. Akaitazama. Akavuta rula ya chuma.

"Usipime," Regis alisema. "Nimekwisha ona."

"Umeona nini?"

"Ukingo wa juu."

Kingo tatu za kadi ile zilikuwa na rangi ya chai, kama inavyopaswa kuwa karatasi ya miaka sabini. Ukingo wa nne ulikuwa mweupe kama jino la mtoto. Mtu alikuwa amechukua kisu akanyoa pembe zilizochakaa, akaifanya kadi ionekane mpya, ikapungua sehemu moja ya kumi na sita ya inchi. Na kadi iliyonyolewa, kwa watu wa biashara hii, ni kadi iliyokufa.

Regis alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha mabati, kwenye mashine ya kukata kingo. Bati likipungua kwa unene wa unywele, yeye alilijua kabla ya kipimo. Alipofungua bahasha juzi yake mezani jikoni, aliuona ukingo ule kabla hajaiona sura ya Dravec. Siku mbili nzima akajiambia ni mwanga wa taa.

"Kwenye picha hukuuona?" Bast aliuliza.

"Kwenye picha niliona pembe nne kali kama wembe. Nikasema, hii imetunzwa."

"Bwana Hudak, kadi ya umri ule yenye pembe kama wembe, ama ililala ndani ya Biblia ama imepita mikononi mwa mtu mwenye kisu. Kwa nini hukuchukua iliyofungwa ndani ya kasha, ambayo wapimaji wamekwisha ithibitisha?"

"Zile za kasha zilianzia elfu tano."

"Ndiyo. Ile elfu mbili ya juu ni ujira wa mtu aliyekupimia." Bast aliirudisha kadi ndani ya kifuko chake kwa upole, kama anavyofunikwa maiti. "Haya, bado kuna njia. Waandikie wale wa mtandao uliolipia, watakurudishia. Ulilipaje?"

Regis alitazama nyuma. Wale watatu walikuwa wameinama kidogo mbele, kama watu wanaotazama bei.

"Nilituma kama zawadi," alisema.

"Nini?"

"Kama zawadi kwa rafiki. Muuzaji alisema nikituma hivyo hakuna makato."

Bast alivua miwani. Mmoja wa wale watatu alipuliza pumzi kupitia meno, fyuuu, na huyo ndiye aliyemuumiza Regis kuliko wote.

"Zawadi hairudishwi," Bast alisema mwishowe. "Hata ungekuwa na miaka saba ya kulalamika. Nikikuonea huruma sana, nitakupa mia mbili na hamsini, niiuze kama kadi mbovu na niandike kuwa ni mbovu."

Regis aliitia kadi mfuko wa koti akaondoka. Alipofika nyumbani akamkuta Bernadine barazani, anafagia theluji ya upande wake na ya upande wao pia, anaimba. Basi.

*

"Bernadine amefanya nini?" Loretta aliuliza, kwa ile sauti yake kubwa ya watu wasiojisikia.

Jikoni kulikuwa na kibao kidogo cheupe kilichofungwa kwa kamba kwenye mpini wa friji, na kalamu yake. Regis aliandika: ALICHELEWESHA MZIGO.

"Na kadi? Iko salama?"

Regis akaitikia kwa kichwa.

"Basi unamfokea nini mwanamke wa watu? Bado Alhamisi tutakwenda kliniki?"

Akaitikia tena. Loretta akatabasamu, akarudi kwenye vyombo, na Regis akasimama pale na kalamu mkononi bila kujua aifunike au aendelee kuandika.

Kwaresima tatu zilizopita Loretta ndiye aliyekuwa malkia wa jiko la kanisa, kule chini ya ardhi ambako wanawake wa parokia hukaa meza ndefu kila Alhamisi wakibana pierogi, vile vifuko vya unga vinavyojazwa na kuchemshwa, za kuuza Ijumaa. Unga mpaka kwenye nyusi, viazi na jibini kwenye ndoo, na umbea, jamani, umbea wa parokia nzima ulikuwa unapikwa pale. Nani kaachwa, nani kanunua gari kwa pesa za nani. Loretta alibana pierogi arobaini kwa robo saa na hakupitwa na neno. Kisha masikio yakaanza kuondoka, kwanza la kushoto. Wenzake wakicheka naye anacheka, lakini nyuma yao, kama mtu anayekimbilia basi lililoondoka. Mwaka jana Irma, mke wa mzee Pavlik, alikuwa anasimulia jinsi mimba ya binti yake ilivyoharibika. Loretta, akiona midomo inachezacheza na mabega yanatikisika, alicheka. Alicheka kwa ile sauti yake kubwa. Hajakanyaga pale tangu siku hiyo.

Bima ya wazee hailipi vifaa vya kusikia. Walikuwa wamejiwekea elfu tatu na mia mbili, na vifaa vya bei ya chini vilikuwa elfu tatu kamili. Wangekwenda tu wakanunua. Lakini daktari alisema vile vya chini vitamfaa sebuleni, si kwenye ukumbi wenye kelele za wanawake ishirini na masufuria. Vinavyochuja kelele vilikuwa elfu nne na mia sita. Ndipo Regis akaanza kukesha na simu akitazama kadi, akiona watu wananunua kwa tatu na kuuza kwa tano, na yeye, aliyemjua Dravec tangu utotoni mpaka alama ya kovu kidevuni, akajiona ana elimu.

*

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, Bernadine aligonga. Siku zote huingia tu. Siku hiyo aligonga akangoja, amevaa koti la misa.

"Loretta yuko wapi?"

"Amelala."

"Vizuri." Akamnyooshea bahasha ya kaki iliyochakaa. "Hesabu."

"Nini hiki?"

"Elfu tatu na mia mbili. Nimetoka benki. Yule binti wa dirishani kaniuliza kama kuna mtu ananitisha kwenye simu, wanaibiwa sana wazee siku hizi. Nikamwambia hapana, mwanangu, mimi ndiye niliyeiba."

"Bernadine..."

"Sijalala tangu Jumamosi, Regis. Nalala upande wa ukuta wenu. Nasikia televisheni yenu inavyopiga kelele, najua yule masikini amekaa mbele yake hasikii, na mimi nilikuwa Erie natazama hiyo bahasha kwenye mkoba wangu kila siku. Kila siku, unasikia? Nasema aah, kadi tu, itangoja." Macho yake yalikuwa mekundu. "Chukua. Usimwambie Loretta. Na hiyo kadi yenu sitaki hata kuiona."

Regis alijua afanye nini. Mtoto wa miaka sita angejua. Ulimi wake ulikuwa tayari umeinuka, na hapo akaona sura ya wale wanaume watatu kwenye foleni, akasikia ile fyuuu. Akawaza: nitamwambia baada ya Alhamisi. Nitamrudishia kidogo kidogo. Akili ya mtu mwenye aibu haikosi kalenda.

Akaipokea.

"Asante, jirani," alisema, na Bernadine, masikini, akamshika mkono akamwomba msamaha.

*

Alhamisi, kliniki ya masikio, chumba kidogo chenye zulia ukutani. Binti mtaalamu, jina lake Shereen, alimvika Loretta vile vya elfu tatu, kimoja kulia, kimoja kushoto, akabonyezabonyeza kompyuta. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kupanua mdomo:

"Bi Hudak, unanisikiaje?"

Loretta alishika kingo za kiti. Aligeuka kulia, akageuka kushoto. Akasugua vidole vyake karibu na sikio, akavisugua tena.

"Karatasi," alinong'ona. Ilikuwa miaka mitatu Loretta hajanong'ona. "Unapogeuza karatasi, inasema." Akamgeukia mumewe. "Regis. Unapumua kama treni. Ulianza lini?"

Regis akacheka na machozi yakamtoka, na yule binti akawaachia nafasi kidogo, akatoka kuleta fomu za malipo. Regis akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akaitoa bahasha, akaiweka magotini ili ahesabu.

Hakuwa ameisoma. Siku tatu alikuwa ameilaza chini ya soksi bila kuitazama. Loretta ndiye aliyeisoma, kwa sababu mtu aliyekaa miaka mitatu bila masikio anasoma kila kitu. Mwandiko wa Bernadine, herufi kubwa za kuinamia kushoto: MAZISHI YANGU. JENEZA LA KIJIVU, SI LA BULUU. DOLORES ASIIMBE.

"Regis," Loretta alisema polepole. "Kwa nini pesa za jeneza la Bernadine ziko magotini mwako?"

Hakukuwa na kibao pale. Hakukuwa na kalamu ya kufupishia maneno. Na hangeweza kujifanya kwamba hatasikika.

"Amenipa yeye," alisema.

"Kwa nini?"

"Anadhani yeye ndiye aliyepoteza zetu."

"Na nani aliyezipoteza?"

Akamwambia. Ukingo ulionyolewa, mwaka wa kadi, Bast, siku saba ambazo hazikuwepo. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama zulia ukutani, na kila neno likafika. Aliposema zawadi kwa rafiki, Loretta aliinua mkono.

"Rafiki gani?"

"Simjui. Picha yake ni ya mbwa."

"Ulimpa mbwa pesa zangu. Ili uokoe ngapi?"

"Loretta..."

"Makato yalikuwa ngapi, Regis?"

"Tisini na sita."

Nje, kwenye ukumbi, simu ililia na mtu akaipokea, na Loretta akageuza kichwa kuelekea huko kwa mazoea ya zamani, ya mtu anayetaka kujua ni nani anayepiga. Kisha akakumbuka. Akainua mkono kulia, akatoa kimoja. Akainua kushoto, akatoa cha pili. Akavilaza kwenye sahani ndogo ya chuma, vikapiga mlio mwembamba wa kufoka wa vitu vinavyojisikia vyenyewe.

"Nimesikia ya kutosha leo," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa tena.

Shereen aliporudi na fomu alimkuta Bi Hudak keshafunga vifungo vya koti.

*

Njiani hapakusemwa kitu, na kama kingesemwa kisingefika. Saa kumi na moja jioni waliegesha. Kiti cha jikoni ambacho Regis hukiweka barabarani kushikia nafasi ya gari kilikuwa kimeanguka asubuhi, na mtu alikuwa amekisimamisha. Ni Bernadine. Hakuna mwingine mtaani anayegusa kiti cha mwenzake.

Loretta hakuingia kwao. Alipanda baraza upande wa pili wa reli, mara ya kwanza miezi mingi, akamgeukia mumewe akanyoosha kidole kwenye mlango: gonga wewe.

Bernadine alifungua akiwa na aproni, harufu ya kabichi na tambi zinazokaangwa kwa siagi ikatoka naye. "Vipi? Amesikia? Mbona hana kitu masikioni?"

Regis akampa bahasha.

Alisema yote pale pale barazani, kwa sababu pale ndipo alipomtukana. Pavlik alikuwa amejitokeza kuchukua gazeti ambalo alikwisha lichukua asubuhi. Irma alikuwa nyuma yake na koti begani. Regis aliwaona akaendelea. Bernadine alisikiliza bila kupepesa, kisha akafungua bahasha, akalowesha kidole, akahesabu noti moja moja mbele ya mtaa mzima. Regis alisimama, mikono imening'inia, mpaka noti ya mwisho.

"Zimetimia," Bernadine alisema. "Siku tano, Regis. Siku tano nimekuwa mwizi. Nimemwambia padri kwenye kitubio. Padri kanipa rozari tatu kwa dhambi yako."

"Najua."

"Hujui. Nilimwambia dada yangu kitandani, na nyonga yake, kwamba kwa ajili yake mtu atakufa kiziwi. Akalia."

Regis alitoa kadi mfukoni, sijui kwa nini, labda kwa kuwa ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Bernadine aliichukua, akamtazama Dravec na shavu lake lililovimba, akapitisha ukucha kwenye ukingo mweupe.

"Hata mimi naona," alisema. "Bibi kizee wa pierogi naona. Wewe mtu wa mabati!"

Akamrudishia. Kisha akamshika Loretta kiwiko, akamwonyesha kwa kichwa ndani, kule kwenye meza, na Loretta akaingia. Mlango ukafungwa. Ukabamizwa.

Regis alibaki. Upande wake wa baraza ulikuwa hatua mbili tu kuvuka reli, lakini hakuvuka. Kupitia kioo aliwaona: Bernadine anapakua, mdomo wake haupumziki, mikono inaeleza, na Loretta amemkazia macho midomo, anafuata, anapotea, anafuata tena. Bernadine aliona. Akaacha kijiko, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akaanza hadithi upya tangu mwanzo, polepole. Kesho ilikuwa Ijumaa ya pierogi. Nyumba ya Hudak haikuwa na elfu tatu, wala elfu nne na mia sita. Mwakani pengine. Loretta alikuwa na miaka sabini na moja.

Theluji ilianza tena, nyembamba. Irma Pavlik alimvuta mumewe mkono, naye hakutikisika.

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Bernadine alisimama kizingitini na sufuria mkononi, akatazama mtaa kulia, akatazama kushoto, akahakikisha kila mtu aliyesikia Jumamosi yupo asikie na leo.

"REGIS HUDAK!" alipaza sauti mpaka mbwa wa mwisho wa mtaa wakabweka. Ndani, mezani, hata Loretta aliinua kichwa. "Futa viatu, uingie ule!"